Mosi ni Jumamosi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe mosi Juni, saa mbili na ushei asubuhi, siku ambayo Baba Koki alikuwa amevaa shati lake la kupigia picha.

Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na alithubutu kulivaa kazini kwa sababu siku hiyo hakutegemea kushuka kwenye shimo lolote. Maji ya mji ule hayatoshi, kila mtaa una siku yake ya mgao, na siku ya mtaa ikifika lazima mtu aende kwenye shimo lake, ainue kifuniko cha chuma, azame mpaka kifuani, akamate gurudumu la koki na kulizungusha hadi bomba lianze kuguna. Tangu ujana wake mtu huyo alikuwa yeye. Jina lake la kuzaliwa walikuwa wameshalisahau hata majirani. Watu walimwita Baba Koki, na mgongo wake ulizijua koki zote za mji kama mama anavyojua vilio vya watoto wake.

Sasa koki zilikuwa zimefungwa mota. Mota zimeunganishwa nyaya, nyaya zimeingia ofisi ya maji, zimekwenda kukomea kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ya mbao. Na kompyuta ilikuwa imepewa maagizo na binti yake mwenyewe, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe.

Waliofunga mota walikuwa kampuni yenye magari meupe na maneno mengi. Walifunga, wakapigana picha, wakasema kupanga ratiba ni mkataba mwingine, wakaondoka. Meneja alitaka kuwaita tena. Meneja yule akiona gari jeupe hupata homa ya furaha, ndivyo walivyo wakubwa, cha mgeni ni dawa na cha mwenyeji ni takataka. Ila pale ofisini, kwenye kiti kilichotoka sponji, alikuwepo binti wa Baba Koki. Aliingia kwa majaribio, kazi yake kupokea simu za wateja wanaotukana. Jioni alikuwa akisomea kompyuta. Akasema, "Bosi, hiyo ratiba naweza kuiandika mimi."

Meneja akacheka kwa pua. Lakini fungu la kuwalipa magari meupe lilikuwa bado halijatoka, kwa hiyo akamkubalia. Ratiba ikifanya kazi, binti ataajiriwa. Ikishindikana, aondoke na kiti wapewe wengine.

Basi binti akafungua kwenye kompyuta dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, akawa anaandika amri kwa herufi nyeupe, mstari chini ya mstari: fungua koki, subiri, funga koki, andika kwamba kazi imeisha. Mistari yote akaiweka kwenye faili moja, akaiita skripti. Baba Koki alivuta kiti akakaa nyuma yake kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Na nani atakayeiambia ianze?" aliuliza. "Utakuja wewe kila asubuhi?"

"Siji, Baba. Humu ndani mna kama mtu wa zamu. Unampa siku, unampa saa, unampa kazi. Saa ikigonga anaifanya."

"Hasinzii?"

"Hasinzii."

"Hafiwi na shangazi kila mwisho wa mwezi?"

"Hana shangazi, Baba."

"Basi huyo si mfanyakazi wa hapa," alisema Baba Koki, na binti akacheka hadi akakosea herufi.

Mgao wa mji haukuwa umeandikwa popote pa maana, ulikuwa kichwani mwa Baba Koki. Kwa hiyo binti alimwachia faili dogo ajaze mwenyewe: mtaa, siku, saa. Akamtahadharisha mtego wa saa, maana huo anaujua kila mtu aliyewahi kupanga simu impigie kengele. "Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Yeye anaanza usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake ni nane."

"Nimeelewa. Na siku?"

"Siku andika namba yake tu."

Hapo ndipo shimo lilipochimbwa, na wote wawili wakalipita wakiongea. Baba Koki alijaza kwa kidole kimoja, akigusa kila kitufe kama anayejaribu kama pasi imepata moto. Shule yake iliishia alipoweza kusoma mabango, lakini kuhesabu siku za wiki hakuhitaji mwalimu.

Ndiyo maana Jumamosi ile alivaa shati jeupe. Meneja alikuwa ameita mpiga picha. Saa mbili ilipogonga, kwenye dirisha jeusi uliibuka mstari: *Kazi imeanza. Koki imefunguliwa.* Watu wakapiga makofi. Baba Koki hakupiga. Kwa fahari alikuwa anatazama kisogo cha binti yake na kusema moyoni, laiti mama yako angekuwepo ayaone.

Makofi hayajapoa, geti likagongwa kwa ndoo.

Alikuwa Mama Dobi, anayefua nguo za nusu ya mtaa wa sokoni, na nyuma yake wanawake wa sokoni, kila mmoja na chombo kikavu. Mama Dobi alikuwa shoga wa marehemu, na tangu siku za harusi alimwita Baba Koki shemeji, hasa akiwa na hasira.

"Shemeji, shati limekupendeza," alisema. "Nani amekufulia? Maana mimi sina maji."

"Maji yamefunguliwa, Mama Dobi. Sasa hivi. Jumamosi ni yenu."

"Yetu? Bomba linapuliza upepo kama mzee anayepoza chai! Lakini toka nje uone, yanatiririka barabarani, yanatoka mtaa wa juu. Matangi yao yalijaa juzi Alhamisi, leo mnawaongeza tena. Mnawaogeshea maua?"

Baba Koki akatoka. Kweli, kutoka mtaa wa juu, kule kwenye nyumba za kina meneja, maji yalikuwa yanashuka mtaroni yakimetameta, mazuri, safi, ya bure.

"Si niliwaambia!" Meneja alikuwa mlangoni, uso umembadilika, maana mtaa wa juu ni mtaa wake na wanawake walikuwa wanamtazama yeye. "Nilisema kazi hii ni ya wataalamu. Sasa nimechafuliwa jina mbele ya watu." Akamgeukia binti. "Wewe zima kila kitu. Na Jumatatu usije."

Binti alikuwa amekaa tayari, ameinama kwenye dirisha jeusi, vidole vinakimbia. Akaandika amri ya kufunga koki ya mtaa wa juu, kisha akafungua faili dogo la baba yake. Akalisoma. Akalirudia.

"Baba," aliita, sauti imepanda kidogo. "Hapa umeandika sokoni, moja. Moja ni siku gani?"

"Unaniuliza mimi? Moja ni mosi. Jumamosi."

"Na mbili?"

"Jumapili. Pili. Tatu Jumatatu, nne Jumanne, tano Jumatano, sita Alhamisi, saba Ijumaa, wiki imekwisha. Huko jioni unakosomea wanawafundisha nini?"

Binti akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtetemeka. Baba Koki alidhani analia, akamsogelea, kumbe anacheka, cheko la mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mkononi.

"Baba wee! Kompyuta moja yake ni Jumatatu. Jumamosi kwake ni sita. Wewe umeandika Alhamisi sita, na leo kwake ndiyo sita. Ameufungua mtaa wa juu kwa uaminifu wote!"

Baba Koki akasimama katikati ya ofisi akihesabu vidole. Akaanza upya. Kila alivyohesabu, Jumatatu ilikuwa na tatu ndani yake, mchana kweupe, mtu yeyote akiita jina la siku anaisikia.

"Sasa nani kamwambia Jumatatu ni moja?" aliuliza. "Tatu si imo humo humo kwenye jina?"

"Waliomtengeneza wana hesabu yao ya wiki, Baba. Kosa langu. Nilikufundisha saa, nikasahau siku."

"Lako la nini? Namba nimeandika mimi." Akamgeukia meneja. "Bosi, namba ni zangu. Kama ni kuondoka, mtu wa kuondoka yupo hapa, na shati ameshavaa."

Meneja akawapungia mkono kama anafukuza nzi. "Mtajuana wenyewe, baba na mwana. Nimeshasema, Jumatatu asije."

"Jumatatu ipi, bosi?" Mama Dobi alidakia kutoka dirishani, maana wanawake walikuwa wameshajazana hapo na neno halikuwapita. "Yetu au ya kompyuta?"

Kicheko kikapasuka uani kote. Mpiga picha naye akacheka, kamera ikamning'inia shingoni. Meneja akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akasikika anawapigia simu watu wa magari meupe.

"Nipe muda kidogo," binti alimwambia baba yake. "Nisikimbilie kubadilisha namba tu, nataka kuitengeneza isirudie."

"Chukua muda wako, mama. Sokoni nitawafungulia mimi."

Mota zilikuwa na mkono wa dharura, lakini uko chini, shimoni, pale pale pa siku zote. Baba Koki aliongozana na wanawake hadi shimo la sokoni, akainua kifuniko, akazama na shati lake jeupe. Tope likampokea. Alipozungusha, bomba likaguna, likakohoa, likaanza kuimba, na juu ya kichwa chake ndoo zikashangilia.

"Shati hilo lete kwangu," Mama Dobi alisema akimpa mkono wa kumvuta. "Nitakufulia mwenyewe, bila neno."

Kutoka shimo la sokoni, mtu akisimama wima anaona kifuniko cha shimo la hospitali. Baba Koki alizoea kutolitazama shimo hilo. Safari hii akalitazama.

Miaka mingi nyuma mke wake alikuwa amelazwa pale, amewekewa siku ya kupasuliwa, na siku hiyo ilikuwa siku ya mgao wa hospitali. Ilitakiwa maji yawepo. Hayakuwepo. Baba Koki alikuwa amekaa kando ya kitanda, koki zimeshikwa na mtu wa zamu, na mtu wa zamu akasema ameambiwa maji yapelekwe mtaa wa juu. Daktari akasema basi kesho. Kesho ilifika, mgonjwa hakuifikia. Baada ya mazishi Baba Koki alikwenda ofisini akiwa amemshika binti yake mkono, wakati huo kichwa cha mtoto kinamfika kiunoni, akauliza swali moja: lilikuwa agizo la nani? Mtu wa zamu akasema limetoka kwa msimamizi. Msimamizi akasema limetoka juu. "Juu wapi?" Baba Koki alipiga meza. "Juu naona bati!" Wakampa pole, wakampa na likizo. Jibu hawakumpa. Tangu hapo mkubwa akimwamkia kwa tabasamu, yeye huitikia kwa kikohozi.

Aliporudi ofisini ananuka bomba, alimkuta meneja amesimama nyuma ya kiti cha binti. Simu ya magari meupe haikuzaa kitu: walisema watakuja wakishamaliza mji mwingine, na wakija wataanza kwa kikao. Jumapili ilikuwa inabisha hodi na mtaa wa reli unasubiri zamu yake. Meneja alikuwa amelainika kama mkate uliotiwa chai.

"Fanya haraka basi," alikuwa anasema. "Mwandikie mzee wako kikaratasi, akariri. Jumatatu moja, Jumanne mbili. Afundishwe kuhesabu kama kompyuta."

"Hapana, bosi," binti alisema bila kugeuka. "Wazee wote wanaomsaidia mashimoni wanahesabu kama yeye. Mama Dobi pia, na mimi mwenyewe nikiwa sokoni. Huyu wa kompyuta amefika juzi, na ndiye atakayejifunza."

Akaendelea kuandika. Akamweleza baba yake kila mstari akiuweka: ukisikia Jumamosi, ujue kwako ni sita. Ukisikia Jumapili, ujue kwako ni sifuri.

"Jumapili ni sifuri?" Baba Koki alishtuka. "Siku nzima ya mapumziko ameipa sifuri? Huyu kweli kaletwa na wakubwa."

Akaongeza na saa, kwamba mtu aandike saa mbili asubuhi kama anavyoisema, hesabu ya nane ibaki ya mashine yenyewe. Kisha akainuka, akamwachia baba yake kiti.

Baba Koki aliketi na tope lake. Alinyoosha kidole kile kimoja, akaandika *sokoni*, akaandika *Jumamosi*, herufi kwa herufi, akiitamka kwa sauti. Akaandika *saa mbili asubuhi*. Akabonyeza kitufe kikubwa. Dirisha jeusi likajibu: *Sawa. Sokoni, Jumamosi, saa mbili asubuhi.*

Alilitazama jibu hilo muda mrefu. Maisha yake yote ofisi zilikuwa zinamjibu kwa lugha ya kumfanya ajione mjinga, na leo mashine ilikuwa imemjibu kama jirani.

"Imenielewa," alisema.

"Imekuelewa, Baba."

"Imesema sawa."

"Nimeiambia iseme sawa."

Wale wazee wenzake wa mashimoni waliitwa waje kuona, wakaja, na kila mmoja alielezwa upya na Baba Koki mwenyewe kwamba mosi ni Jumamosi hata kwa kompyuta, muulizeni aliyeifundisha, ni huyu hapa, ninamlisha mimi. Binti alijificha uso. Baba hakujali. Mwenye mtoto wa namna ile ana haki ya kuchosha watu.

Jumapili mtaa wa reli ukapata maji saa yake. Jumatatu ikafika, ile yetu, na binti akaja kazini kama kawaida, hakuna aliyemkumbusha kwamba alikatazwa. Alhamisi mtaa wa juu ukapata, siku yao, mara moja. Jumamosi iliyofuata Mama Dobi alileta shati limenyooshwa likasimama lenyewe, akasema sokoni maji yametoka saa mbili kamili. Meneja akatia sahihi ya kumwajiri binti. Alitia akiwa amesimama, kalamu inakwaruza, kama anayesaini kupokea mzigo wa mtu mwingine.

Meneja hakutulia. Siku chache baadaye aliingia ofisini akiwa mpole kupita kiasi, akavuta kiti karibu na binti.

"Kuna jambo dogo," alisema. "Mtaa wa juu uongezewe. Kila siku, asubuhi. Kidogo tu, watu hawatajua."

"Siku za hospitali pia?" aliuliza Baba Koki kutoka kwenye kona yake.

"Kila siku, mzee. Agizo limetoka juu."

Baba Koki akamtazama binti yake akitegemea kumwona amekasirika, lakini binti alikuwa ametulia kabisa. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri fupi, *ongeza*, akainuka.

"Karibu, bosi. Nimeirahisisha, kila mtu anaweza. Inakuuliza, unaijibu."

Meneja akakaa, amefurahi. Mtaa? Akaandika *mtaa wa juu*. Siku? Akaandika *kila siku*. Saa? *Saa kumi na mbili asubuhi.* Akabonyeza, na dirisha likaandika mstari wa mwisho. Meneja akausoma, kidole kikabaki hewani.

"Hili la nini?"

"Nyongeza yoyote ya mgao inaulizwa hilo," binti alisema. "Jibu linatokea kwenye ile skrini niliyoiweka kwenye dirisha la ofisi, pamoja na zamu ya siku, watu wakipita wanasoma. Bila jibu haifungui koki."

"Weka 'ofisi'."

"Nimeikataza 'ofisi', bosi. Inataka jina la mtu."

Baba Koki aliinuka kwenye kona, akasogea taratibu, akasoma juu ya bega la meneja. Alisoma polepole kama kawaida yake. Alikuwa hajamwambia binti yake aandike neno lolote la namna hiyo. Hakuwahi hata kumsimulia. Alidhani mtoto anayefika kiunoni hasikii yanayosemwa mezani.

Akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake aliyeajiriwa, mbele za watu, akauacha hapo.

"Na 'juu'?" alisema hatimaye. "Mtu akiandika 'juu', inakubali?"

"Nimeikataza pia, Baba."

Meneja akatazama kibodi. Akatazama nje, ambako Mama Dobi alikuwa amesimama kwenye dirisha la skrini na beseni kichwani, anasubiri kusoma zamu ya siku. Kisha akakumbuka ana kikao, akasema atarudi kumalizia, akaondoka akiacha kiti kinazunguka.

Hajarudi. Mgao unaendelea, kila mtaa na siku yake, na hospitali na siku zake. Dirisha lile jeusi binti hakulifunga, amelisogeza pembeni ya skrini. Kila asubuhi Baba Koki akiingia anapitia kwanza hapo, na shati lake safi, na kukuta kile kidude kidogo cheupe kinawaka na kuzima mwisho wa mstari ule ule, kinasubiri:

*Agizo la nani?*